Maji Yanayokula Klorini

Ruangwa,
9 Juni 2024

Kaka Benedicto,

Shikamoo. Naamini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi Goreti na watoto. Mimi nipo, ila mwili unachoka. Nimemkabidhi kondakta wa basi la asubuhi aiache Nachingwea kwenye lile duka mnalochukulia mizigo ya Kilimarondo. Simu ninayo, lakini yako haishiki mpaka upande kilimani, na mimi nikiongea humu ndani ya nyumba ya watu kila mtu anasikia. Haya ninayotaka kukuambia sitaki yasikike.

Dionisia wangu yupo shuleni, kidato cha pili sasa, ameniandikia anataka sketi ndefu kwa sababu amerefuka. Nimesikia tembo wameingia tena mashambani huko kwenu. Mmebakiza chochote?

Unakumbuka nilivyopata kazi hii. Asmaa, mtoto wa Mzee Hemedy, alianguka kwenye bodaboda mwaka juzi, mguu ukavunjika sehemu mbili na nyonga ikaharibika. Ana miaka kumi na moja. Daktari wa mazoezi ya viungo akasema mtoto huyu akifanyia mazoezi ndani ya maji atatembea. Mzee akajenga bwawa la kuogelea nyuma ya nyumba, akaanza kutafuta mwanamke anayejua kuogelea. Hapa Ruangwa akapata mmoja tu, mimi niliyejifunza kuogelea ziwani nikiwa mtoto. Kwa hiyo kila siku asubuhi na jioni naingia na Asmaa majini, namshika kiuno, anahesabu hatua. Na bwawa lenyewe nalitunza mimi: nafagia majani, nasafisha chujio, naweka dawa.

Sasa shida ni hiyo dawa. Haikai. Jioni naweka klorini kama nilivyofundishwa na fundi aliyelijenga, pampu inazungusha, napima kwa kile kikaratasi, kinageuka zambarau vizuri. Asubuhi napima tena, kikaratasi cheupe. Cheupe kabisa, kama vile sikuweka kitu. Ndoo ya dawa iliyokuwa inatutosha miezi miwili sasa inaisha wiki ya tatu. Fundi nimempigia, yuko Dar es Salaam, akasema ni jua kali la kwenu, ongeza. Nimeongeza.

Na harufu, kaka, ni kali kuliko zamani. Asmaa anatoka majini macho mekundu. Mimi mikono inawasha mpaka viwikoni. Mama yake, Mama Munira, alikuja Jumanne akasema, "Suzana, unazidisha dawa, utaniunguzia mtoto." Ijumaa akarudi stoo, akafunua ndoo, akasema, "Suzana, hii dawa inakwenda wapi?"

Mimi mwenyewe sijui. Aliniangalia mikono, kisha akaangalia mkoba wangu ukutani. Wewe unafundisha kemia. Niambie dawa inakwenda wapi.

Mdogo wako,
Suzana


Kilimarondo,
20 Juni 2024

Mdogo wangu Suzana,

Marahaba. Barua yako ilifika baada ya siku sita, imelowa mafuta ya taa pembeni lakini inasomeka. Sisi wazima. Goreti anakusalimu sana. Tembo walipita kweli, wamekula mahindi ya upande wa bondeni, upande wa juu wameuacha. Tuna magunia manne. Mwaka jana yalikuwa tisa. Kidato cha nne wana mitihani Novemba na walimu wa sayansi tumebaki wawili, kwa hiyo nafundisha hata fizikia, somo ambalo mwenyewe nilikuwa nalikimbia.

Kuhusu klorini. Usiongeze kwa kubahatisha. Vitu vinavyoimaliza si vingi. Jua linaimaliza, hapo fundi amesema kweli. Uchafu unaimaliza: majani, jasho, mafuta ya mwilini. Na wakati mwingine kuna kitu kimeyeyuka ndani ya maji yenyewe, hukioni, kinaikamata klorini na kuifunga. Lazima ujue ni kipi kati ya hivyo kabla ya kufanya lolote.

Fanya hivi. Jioni, dawa ikishachanganyika, chota ndoo moja ya maji ya bwawa, ifunike kwa mfuniko usiopitisha mwanga, iweke stoo. Pima jioni, pima asubuhi kabla jua halijachomoza. Kama klorini ya kwenye ndoo imebaki vile vile, mwizi wako ni jua. Kama imepotea gizani, basi jua halihusiki na fundi wako anabahatisha.

Jambo la pili. Hicho kikaratasi nadhani kina miraba zaidi ya mmoja. Mmoja unaonyesha klorini huru, ile inayofanya kazi. Mwingine unaonyesha jumla. Niandikie yote miwili. Maana hiyo harufu unayoisema, watu wengi wanadhani ni ya dawa iliyozidi. Mara nyingi ni ya dawa iliyokwisha kufungwa, haiui tena kijidudu, imebaki kuwasha macho tu. Bwawa lenye afya halinuki sana.

Waambie hivyo, waambie kwa upole.

Mzee wetu yuko Narung'ombe na ng'ombe, tangu Aprili. Si mbali na ulipo. Wanasema anakohoa. Sikuambii ili ufanye chochote, nakujulisha tu.

Kaka yako,
Benedicto


Ruangwa,
2 Julai 2024

Kaka,

Shikamoo. Poleni na mahindi. Mwambie wifi nimemtumia khanga moja na basi hili hili, si mpya sana lakini nzito. Dionisia amepata sketi.

Nimefanya ulivyosema, tena mara tatu. Ndoo niliifunika kwa mfuniko, nikaiwekea gunia juu. Jioni zambarau. Asubuhi nyeupe. Mara zote tatu. Kwa hiyo si jua.

Miraba ni kweli iko zaidi ya mmoja, mimi nilikuwa naangalia wa kwanza tu kwa sababu ndio niliofundishwa. Huo wa huru haugeuki. Wa jumla unageuka, kwenye karatasi ya rangi unaangukia kati ya moja na mbili. Maana yake dawa imo ila imefungwa, sivyo? Nilimweleza Mama Munira. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kwa hiyo dawa ipo lakini haipo." Nikasema ndiyo mama. Akacheka kidogo, halafu akaenda akafunga stoo na ufunguo akaondoka nao. Sasa kila jioni namfuata chumbani kuomba dawa, ananipimia mwenyewe kwa kikombe cha chai, nasimama mlangoni kama mgonjwa. Karibu miaka miwili nimemshika mtoto wake majini.

Sikukuambia kitu kimoja kwa sababu sikukiona kuwa na uzito. Kisima cha hapa nyumbani kilikauka mwezi wa tano. Tangu hapo maji ya kuongezea bwawa yanaletwa na boza, mara mbili kwa wiki, na kijana mmoja, Rahimu, mwenye lori lake. Anasema anachota kwenye kisima kirefu cha pampu. Maji hayana tope, yanaonekana mazuri.

Juzi, alipokuwa anamimina, nilikinga ndoo moja. Nikaweka punje chache za klorini, nikakoroga, nikapima: zambarau. Nikaenda kuosha vyombo. Niliporudi, hata saa moja haijaisha, kikaratasi cheupe.

Kaka, kitu gani kinakula klorini namna hiyo? Niambie wewe. Nimeinusa ile ndoo. Pua yangu imeniambia jambo, lakini nataka mtu mwingine alitamke.

Mdogo wako,
Suzana


Kilimarondo,
25 Agosti 2024

Suzana,

Marahaba, na nisamehe. Najua umehesabu siku. Goreti ameipenda khanga, anaivaa kanisani. Mtoto wa mwisho ametoka meno mawili. Nilipata malaria Julai, lakini nilipona ndani ya wiki, kwa hiyo sitasingizia malaria. Nilikuandikia barua mbili nikazichana.

Jibu nililijua siku ile ile niliposoma. Kinachokula klorini gizani, ndani ya saa moja, kwenye maji yasiyo na tope, mara nyingi ni amonia. Na amonia kwenye maji ya huku kwetu inatoka kwenye mkojo na kinyesi. Mifugo ikiingia majini kunywa inakojoa humo humo. Tope linatua chini, maji yanaonekana safi, amonia imebaki imeyeyuka. Unatia klorini, inakamatwa, inafungwa. Unatia nyingine, nayo inafungwa. Haijapotea kwa mtu. Huyo kijana hachoti kwenye kisima chochote. Anachota kwenye lambo la ng'ombe. Na wewe ulijua, maana sote tumekulia zizini.

Kwa nini ilinichukua wiki saba kuandika maneno machache hivyo, nitakuambia, halafu tusirudie tena.

Tulipohama kutoka Kwimba, miaka minane iliyopita, nilikuwa chuo cha ualimu. Nilikuja likizo nikawakuta kambini njiani. Mama alikuwa mzima bado. Mliteka maji pale pale ng'ombe walipokuwa wamesimama, nikamwona mama akinywa kwa kata. Kwenye begi langu nilikuwa na pakiti nzima ya vidonge vya kusafishia maji. Tulikuwa tumepewa chuoni kwa mafunzo ya vitendo. Nilivishika mkononi. Nikawaza mzee atasema shule imenipa maringo, siwezi tena kunywa maji wanayokunywa watu. Nikavirudisha begini. Nikaondoka Jumapili. Alhamisi mlinipigia kwamba mama anaharisha, Jumamosi mkanipigia tena.

Pale msibani ulimwambia mzee mbele ya watu wote, "Ng'ombe ndio walikunywa kwanza." Hamjasalimiana tangu siku hiyo. Nilikuwa nimekaa kati yenu na nikanyamaza. Miaka yote nimewaacha mbebe lile neno wawili, wakati mtu aliyejua alikuwa mimi.

Huko Narung'ombe kuna lambo. Sijui kama ni lile. Wewe ndiwe uliye karibu.

Benedicto


Ruangwa,
10 Septemba 2024

Kaka Benedicto,

Shikamoo. Nimesoma barua yako nikaikunja, nikaisoma tena siku ya pili. Sina la kusema juu yake leo. Hujanikosea kitu. Labda siku tukikaa pamoja nitalia, sasa hivi nina kazi.

Jumatano nilimwambia Rahimu nataka kupanda naye boza. Akasema, "Dada, utachafuka." Nikasema nimezoea. Tulipofika njia panda ya kisima cha pampu akapunguza mwendo, akanionyesha kwa kidevu. Foleni ya ndoo ilikuwa imezunguka hadi barabarani, wanawake wamekaa chini, wengine wamelala.

"Pampu inatoa kidogo tangu mwezi wa tano," akasema. "Wale wamefika alfajiri. Dada, wewe ungeweza kuleta lori hapa, utoe bomba nene hivi, uwaachie watu ndoo tupu, halafu ukamwage kwenye bwawa la mtu?"

Akageuza, tukaenda kwenye lambo.

Ni lile, kaka. Mzee alikuwa amesimama upande wa pili na fimbo yake, ng'ombe wamo majini hadi tumboni. Mama Teodosia, mke mdogo wa baba, na wanawe walikuwa wanateka maji ya nyumbani hatua kama ishirini kutoka walipo ng'ombe. Nilizunguka lambo lote kwa miguu. Nilipomkaribia aligeuza kichwa, akaniangalia kwa muda. Nikamwamkia. Alipoisikia sauti yangu ndipo uso ulipobadilika.

"Suzana," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Umekonda?"

"Sijakonda, baba. Nimezeeka."

Akacheka, kikohozi kikamkamata, akainama akashika magoti. Nilimshika mgongo. Nimesahau nilikuwa nimepanga kumwambia nini. Niliuliza tu kama maji haya wanakunywa. Akasema, "Tutakunywa yapi mengine? Kule kwenye pampu tukifika wanasema tumalize kwanza sisi wenyeji."

Nilirudi Ruangwa nimelowa miguu. Njiani nilijua nina mawili. Nikinyamaza, Asmaa ataendelea kuoga mkojo na mimi nitaendelea kuitwa mwizi kwa macho. Nikisema, watu watasema ng'ombe wa Wasukuma wameharibu maji, na Mzee Hemedy ndiye aliyelalamika kwenye kikao mwaka jana ng'ombe walipoingia kwenye ufuta wake.

Nilisema. Niliwakuta wote wawili wanakunywa chai barazani. Nilileta ndoo mbili, moja ya maji ya kisima cha pampu niliyoombewa na Rahimu, moja ya lambo, nikatia klorini kote, nikawaomba wasubiri. Walisubiri. Kikaratasi cha kwanza zambarau, cha pili cheupe. Mama Munira alikishika kile cheupe akakigeuza geuza.

"Hao wafugaji," akasema. "Hao Wasukuma wako."

"Ndiyo, mama. Mmoja wao ni baba yangu mzazi. Na maji haya anayanywa."

Mzee Hemedy aliweka kikombe chini, akauliza jina la baba. Nikasema Nkwabi. Akarudia, "Nkwabi," kama anayejifunza. Kisha akaniuliza kama bwawa linaweza kusafishwa bila kumwagwa, maana hataki kujaza upya wakati watu wanalala kwenye foleni. Hilo nilimpenda.

Niambie la kufanya. Bwawa nimelipima: urefu mita sita, upana mita nne, kina mita moja na robo.

Suzana


Kilimarondo,
18 Septemba 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Wote wazima. Umefanya vizuri, na ningekuwa mimi nisingethubutu.

Bwawa linasafishika. Kwanza msiongeze tena tone la maji ya lambo. Klorini iliyofungwa inavunjwa kwa klorini nyingi ya mara moja, kama mara kumi ya ile iliyofungwa. Ukitia kidogo kidogo, kama mlivyokuwa mnafanya, unailisha amonia tu. Kwa vipimo ulivyonitumia, na dawa yenu ya unga, nimepata karibu robo tatu ya kilo. Iyeyushe kwenye ndoo ya maji, na anza na maji, dawa ifuate. Usimwagie maji juu ya dawa hata siku moja, itakulipukia usoni. Fanya jioni, mahali penye upepo, pampu izunguke usiku kucha. Asiingie mtu majini mpaka klorini huru ishuke kwenye rangi ya kawaida na miraba miwili ilingane. Siku ya pili pima, ikipotea tena rudia.

Halafu lifunikeni bwawa kwa turubai mchana. Jua halitaila dawa na maji hayatapungua haraka, kwa hiyo mtaongezea kidogo sana.

Nimesikia kwa wachungaji waliopita hapa kwamba Narung'ombe wameitisha mkutano juu ya lambo. Kama wanamwondoa mzee, aje kwangu. Huku bado kuna malisho. Mwambie mimi ndiye niliyesema.

Benedicto


Nachingwea,
19 Oktoba 2024

Kaka Benedicto,

Shikamoo, wifi na watoto wasalimu. Naandika nimekaa stendi, basi la Ruangwa bado halijajaa. Barua hii nimeilipia itangulie kwako na pikipiki, kwa sababu baba na wenzake wakiisha kufika kwako itakuwa imechelewa.

Bwawa limekubali. Mara ya kwanza klorini ilipotea yote, nikakata tamaa. Mara ya pili ikabaki. Nilipima asubuhi, zambarau, nikapima tena nikidhani nimekosea. Harufu imekwisha. Asmaa ameingia majini siku tatu baadaye na macho yake meupe. Mama Munira hakusema samahani. Alinikuta jikoni, akaweka ufunguo wa stoo mezani karibu na sufuria, akatoka. Niliuacha pale mpaka nilipomaliza kupika.

Mkutano ulikaa tarehe tatu. Niliomba niende. Walisema lambo ni la kijiji na wafugaji waondoke mwezi huu. Kuna mama mmoja alisimama akasema hata wafugaji walisaidia kulichimba, hata wao wana watoto. Hawakumsikiliza. Mzee Hemedy alikuwepo, amekaa kiti cha mbele. Nilimtazama muda wote. Hakusema waondoke na hakusema wabaki. Aliporudi nyumbani aliniambia nichukue likizo ya siku saba nimsindikize baba yangu, na akanipa turubai la zamani. Nililichukua. Sijui nimchukie au nimshukuru, na sina nguvu ya kuamua.

Basi nimetembea na ng'ombe tena, kaka, nilikuwa nimeapa sitatembea nao. Siku nne kutoka Narung'ombe hadi hapa Nachingwea, Mama Teodosia mbele, wanawe pembeni, mzee na mimi nyuma. Kila tulipofika kwenye maji, niliwasimamisha. Ng'ombe wakangoja. Nilichota mimi, nikachuja kwa khanga, nikaacha yatulie, nikaweka vidonge viwili vya kusafishia maji kwenye ndoo badala ya kimoja, nikapima mpaka kikaratasi kibaki na rangi, ndipo watu wanywe, ndipo mifugo ishuke. Siku ya kwanza wale vijana walinung'unika. Mzee akawaambia wanyamaze. Akanywa, akasema yana ladha ya hospitali, akaomba mengine.

Juu ya mama hatukuongea. Usiku wa pili alisema tu, "Alikuwa anapenda kuimba akitembea," nikasema ndiyo, basi.

Sasa sikiliza, hili ndilo limenifanya nitangulize barua. Jana nilitaka kumfundisha kupima, ili nikirudi kazini asinitegemee. Nilikichovya kikaratasi, nikampa mkononi. Kilikuwa zambarau iliyokolea, kaka, hata gizani ungeiona. Nikamuuliza, "Baba, rangi gani?"

Akakisogeza karibu na uso. Akakisogeza mbali. Akasema, "Nyeupe."

Nikafikiri ananitania. Nikamwonyesha khanga yangu, nyekundu. Akasema, "Ni ile uliyovaa jana," na siku iliyotangulia nilivaa ya kijani.

Kumbe anawafuata ng'ombe kwa kengele na kwa kelele za kwato. Kumbe pale lambo hakuniona, aliniangalia tu. Mama Teodosia anajua na amekatazwa kusema. Baba anaogopa vijana wakijua watagawana mifugo na yeye akalishwe kama mtoto. Aliniambia, "Suzana, hilo liache hapa hapa." Nikamwitikia. Nami namsaliti kwa kukuandikia, kwa sababu njia ya kuja kwako inapita kwenye vichaka vya tembo, na nimelazimika kumwacha hapa mnadani asubuhi, anakwenda na fimbo yake kama mtu anayeona.

Nimewaambia vijana wasiende peke yao, waungane na wale wachungaji wengine watatu wanaokwenda upande huo. Watafika Alhamisi au Ijumaa. Usimwambie unajua. Lakini uwe nje.

Basi linapiga honi.

Suzana


Kilimarondo,
25 Oktoba 2024

Mdogo wangu Suzana,

Hatujambo sote. Wamefika jana, Alhamisi, saa tisa alasiri, watu wote na ng'ombe wote isipokuwa ndama mmoja aliyevunjika mguu. Goreti alikuwa amewachemshia maji tangu asubuhi.

Niliomba ruhusa shuleni nikakaa barabarani kuanzia saa nne. Nilizisikia kengele kabla ya kuona vumbi. Mzee alikuwa nyuma kabisa. Nilimwita, "Baba, ni mimi Benedicto," akanyoosha mkono, ukaelekea pembeni kidogo ya nilipokuwa nimesimama. Nikasogea nikasimama pale mkono ulipokuwa unaelekea.

Nikaushika kama mtu anayesalimia. Alisema habari za safari, nikaitikia, akauliza habari za watoto, nikajibu mmoja mmoja, nikauliza ng'ombe wamekunywa wapi, akanisimulia mto hadi mto. Tulikuwa tunatembea. Kwenye mfereji nilipunguza mwendo, akapunguza. Pale kwenye ngazi mbili za mlango nilisema Goreti anazifagia kila siku hizi ngazi mbili, akanyanyua mguu mara mbili. Sikuuachia mkono wake mpaka alipokaa.

Kaka yako,
Benedicto